Siku Niliyowaambia Wazee Desturi Yao Imechacha

Chekeni tu, lakini mimi siku ile nilijikojolea mbele ya watu wazima, tena nimevaa kanzu nyeupe, kwa hiyo hakuna aliyebaki na shaka.

Enzi hizo Mjerumani alikuwa ameishika Morogoro barabara, vita vya Majimaji vimekwisha juzijuzi, na ukishukiwa tu kwamba unawachochea watu wa milimani kwa mambo ya mizimu unanyongwa, hakuna cha kujitetea. Basi akaja Mwingereza mmoja mrefu, kazi yake kukusanya maua, anataka kupanda Uluguru, na mkalimani wake amebaki Mikese anatetemeka kwa homa. Akida wa serikali (ambaye kiboko hakikumtoka mkononi hata akila) akatuuliza sisi wapagazi, "Nani anajua Kiingereza?" Mimi niliwahi kumpikia Mwingereza kule Unguja, najua chai, mayai, nyama, maji ya moto, basi, nikautazama mzigo wangu ulivyo mzito, nikanyoosha mkono.

Tukapanda mpaka kijiji cha juu kabisa, penye msitu wa matambiko. Mwenye msitu alikuwa mama mkubwa wa ukoo, wenyewe walimwita Bibi tu. Akasema hakuna anayeingia na viatu, na lazima kwanza wahenga waombwe ruhusa. Nikamweleza mzungu kwa mikono na maneno ya jikoni, akaelewa, uso ukamchangamka, akasema maneno marefu na katikati nikasikia "time-honoured".

"Time" naijua, ni wakati. Hiyo nyingine sijawahi kuisikia. Lakini kule Unguja nyama ikipitiliza wakati wake bwana alinirushia usoni, na hapa watu wote wananikodolea macho, akida naye ananisubiri, nikajikuta nimesema, "Anasema desturi yenu imechacha."

Vijana wakasimama na mapanga yao. Akida akanikaba kanzu, akaninong'oneza, "Unataka kuwasha vita vingine? Nitakupeleka bomani ukanyongwe leo leo." Nikaiona kamba, wallahi, nikaiona kabisa, na hapo ndipo nilipohisi joto likishuka miguuni.

Bibi peke yake hakutikisika. "Muulize tena," akasema. "Kilichochacha mtu hukitema. Huyu mbona anavua viatu?"

Kweli, mzungu alikuwa amekaa chini anafungua kamba za viatu, hana habari. Nikamuuliza: ni neno la nyama? Akakataa kwa kichwa mpaka kofia ikaanguka. La mkate wa juzi? Hapana. La kanzu kuukuu? (Akaitazama kanzu yangu, akageuza uso kwa adabu.) Hapana. Akaonyesha jua, linachomoza, linazama, linachomoza, tena na tena. Akaonyesha mtoto, kisha mama yake, kisha Bibi, kisha kule msituni walikozikwa wa zamani. Halafu akaweka mkono kifuani, akainama mpaka chini.

Ndipo likaniingia.

"Bibi, nimekosea," nikasema. "Si neno la kitu kibovu. Ni la jambo lililofanywa miaka na miaka, na watu bado wanaliheshimu. Ni kama shikamoo, ila hii hupewa desturi, si mtu."

Mapanga yakashuka, moja moja. Akida akaniachia, lakini kiboko kikawa kinapigapiga mguu wake mwenyewe. Bibi akawaombea ruhusa, wakaingia msituni mmoja mmoja, pekupeku, hata akida. Nikabaki mimi. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, Bibi."

Hakujibu. Alinitazama, akaitazama kanzu, akanitazama tena, na mimi nangoja, maana bila jibu lake nilijua nitarudi chini kwa akida na kwa kamba.

"Marahaba," akasema hatimaye. "Kafue kwanza mtoni, ndipo uingie."

Tangu siku ile, mtu akiniuliza neno nisilolijua, hata awe ameshika bunduki, namwambia sijui.