Vifuniko Vinne vya Rangi

Mtu anawezaje kusahau rangi ya gari aliloliendesha miaka zaidi ya ishirini? Kaka yangu aliniuliza hivyo kwa simu, kutoka Kitui mjini. Sijazoea kukubali neno bila ushahidi, kwa hiyo niliamua kupima.

Mwaka huo nilikuwa nimemaliza chuo na kurudi nyumbani, upande wa Makindu, bila kazi na bila subira. Nilibishana na mchungaji kuhusu fungu la kumi, na mtangazaji wa redio kuhusu mvua, na mama kuhusu mbegu za pojo. Baba, mwalimu mstaafu, alinisikiliza tu na kusema, “Endelea, hoja yako haijafika.” Yeye mwenyewe alikuwa na jambo moja kichwani. Gari lake la zamani, refu, lenye taa zilizosinzia, lilikuwa limekaa miaka tisa kwenye banda la mabati. Alitaka lifufuliwe, aliendeshe mwenyewe hadi kanisani, kisha hadi Kwa Vonza kumsalimu dada yake.

Injini ilitengenezwa Kambu, ikaitika. Ikabaki rangi. Mimi nililijua gari hilo likiwa jeupe; baba alilipaka hivyo mwaka niliozaliwa. Sasa alitaka rangi yake ya kwanza.

“Nirudishieni kijani changu,” alisema. “Kile kilichoiva, kama jani la mchungwa.”

Nilipompa kaka habari hiyo kwa simu, alinikatiza.

“Gari halijawahi kuwa kijani,” alisema. “Lilikuwa damu ya mzee. Mimi ndiye nililiosha kila Jumamosi, wewe ukiwa bado hujulikani.”

“Labda mlikuwa na sabuni kali.”

“Cheka tu. Kama amesahau hilo, amesahau mangapi? Na unataka apewe usukani, ashindane na malori ya Mombasa?”

Basi likawa hilo. Kama akili ya baba ilikuwa imeanza kumtoka, funguo zingechukuliwa, na rangi ndiyo ingetuonyesha. Nilitaka kaka awe amekosea. Nilikwenda kwa fundi wa rangi kando ya barabara kuu. Akalowesha msasa, akasugua mahali padogo ndani ya mlango wa buti. Nyeupe ilitoka, ikafuata kijivu ya praima, ile rangi ya msingi, kisha ikajitokeza nyekundu nzito, iliyokolea kama damu iliyokauka.

“Haya, madam,” fundi alisema. “Watu hubishana. Gari halibishani.”

Kwetu baba haambiwi kwamba amekosea. Unaweza kuanza na “labda,” unaweza kumwongezea chai, unaweza kumtuma mjomba. Humwambii. Mimi niliyekosoa mahubiri mbele ya washirika sikuthubutu kusimama mbele yake na kusema, “Baba, si kijani.” Nikatafuta njia ya kuzunguka. Nilimwomba fundi apake vifuniko vinne vya mikebe: damu ya mzee, kijani cha jani la mchungwa, buluu na maziwa. Vilipokauka nilivipanga juu ya ukuta wa zizi, nikamwita baba, nikamwambia fundi anaomba achague.

Buluu aliiondoa mara moja. “Hii ni ya shati la shule.” Ya maziwa aliicheka: “Hiyo ni ya bibi harusi.” Vilivyobaki viwili alivishika muda mrefu. Akavipeleka juani, akavirudisha kivulini. Nilimwona akinitazama kidogo pembeni, kama mwanafunzi anayesoma uso wa mwalimu.

“Yoyote kati ya hizi,” alisema mwishowe. “Fundi achague.”

Niliandika kwenye daftari langu: wiki mbili amedai kijani, leo hakitambui. Nikampigia kaka.

Jioni mama alikuwa akipepeta pojo. “Baba yenu na rangi, muacheni,” alisema bila kuulizwa. “Tangu zamani akininunulia kitambaa, mimi hurudi dukani kukibadilisha.”

Nilidhani anamfichia mumewe aibu. Ni neno pekee nililosikia mwezi ule ambalo sikulihoji.

Jumapili kaka alikuja. Baada ya chai alisema, “Baba, gari likiwa tayari, tutakuwa tunakuendesha sisi.”

“Nani amesema nimeshindwa?”

“Tumeona unasahau.”

“Nimesahau nini?”

Kaka alinitazama. Nilitazama kikombe changu. Baba alisubiri, kwa utaratibu, kama alivyosubiri darasani mtu ainue mkono. Hakuna aliyeinua. Akatoa funguo mfukoni, akaziweka karibu na thamosi ya chai.

“Mkipaka,” alisema, “pakeni mnavyoona nyinyi.”

Tulilipaka damu ya mzee. Liling’aa, wapita njia Makindu walisimama kulipiga picha. Baba aliketi nyuma, upande wa kushoto, miguu pamoja. Tulipokwenda Kwa Vonza alimwambia kaka kuhusu kila kona kabla hatujaifikia. “Mbele kuna daraja jembamba. Baada yake, mbuzi.” Daraja likawepo, na mbuzi pia. Alijua nambari za nyimbo zote kanisani. Alijua wanafunzi wake kwa miaka waliyomaliza. Nililala vibaya usiku huo. Ni usahaulifu gani unaochagua rangi peke yake? Nilitafuta kwenye vitabu vya magonjwa ya wazee, nikasoma juu ya ubongo, sikuridhika, wala sikumuuliza yeye. Funguo zilibaki kwa kaka. Baba alikaa kiti cha nyuma miaka mitatu, hadi kifua kilipomchukua.

Baadaye sana mtoto wa dada yangu, kijana mwenye ndevu tayari, alianza kusomea umeme. Mkufunzi wake alimrudisha nyumbani apimwe macho, kwa sababu alikuwa ameunganisha waya wa kahawia mahali pa waya wa kijani, mara mbili, na kuapa kwamba amefuata mchoro. Dada alikuwa kazini, nikampeleka mimi. Daktari wa macho alimfungulia kurasa zenye nukta za rangi na kumwomba asome tarakimu zilizojificha ndani yake. Mimi nilikuwa naziona kutoka mlangoni. Yeye hakuona hata moja.

Nilimwambia daktari kwamba huenda kuna kosa, maana mama wa kijana anaona vizuri kabisa, na kwao baba yake hakuna mwenye shida hiyo. Aliendelea kuandika kwenye kadi. Kwa baba hakuhusiki, alisema. Macho ya namna hii mtoto wa kiume huyapata kwa mama yake, hata kama mama mwenyewe anaona kila rangi, na mara nyingi mama huwa ameyapata kwa baba yake.