Tanki la Pikipiki Juu ya Kaburi

Ziwa lilipoingia ndani ya nyumba yetu hapa Kalemie, sikuhisi kitu. Papa, baba yangu, alikuwa amefariki muda si mrefu, na tangu kilio chake mimi nilikufa ganzi. Watu walinipa pole, nikaitika, basi. Tulihamia kwa mama mdogo, sote chumba kimoja. Mama alitaka jambo moja tu: nyumba yake mwenyewe kule mlimani, maji yasikofika.

Mali ya Papa iliyobaki ilikuwa pikipiki ya Waingereza, nzee kuliko mimi, ambayo babu aliuziwa na mzungu wa reli. Haikuwaka tena. Kuku walitagia kwenye kiti.

Akaja mnunuzi kutoka Kigoma. Akapangusa namba ya injini, akapangusa na ya fremu, akaona zinalingana, injini ni ile ile ya kiwandani. Akashusha pumzi.

"Mama, ng'ambo kuna matajiri wanazitafuta hizi. Hawazipandi. Wanataka iwe vile ilivyotoka kiwandani, hata rangi iliyochakaa asiiguse mtu."

Jamani! Mtu anunue pikipiki asiipande? Hasira ilinijia kidogo, ikapita.

"Na tanki lake la mafuta liko wapi?"

"Iko kwa mwenyewe," Mama akajibu.

Alisema kweli. Kwao Mama, chombo cha marehemu huwekwa juu ya kaburi, na hutobolewa ili mwizi asikitamani. Wengine huweka sahani au kikombe. Mama aliweka tanki. Alilitoboa kwa msumari mbele ya waombolezaji, kisha akalishindilia kwenye saruji mbichi ya kaburi, ile ya kiwanda cha Kabimba.

Mama alipomweleza hayo, mnunuzi alishika kichwa. "Matundu si neno, yatazibwa. Likiwepo tanki lake lenyewe, unajenga nyumba. Bila hilo, Mama, nitakupa bei ya vyuma."

Kesho yake asubuhi Mama aliniambia nichukue nyundo na tindo, nikamfuata makaburini. Pale nikasimama tu. Mkono haukutaka.

"Mama, tutamuamusha."

"Piga! Hii pikipiki njo ilimumaliza masikio. Nilimuita miaka yote, alisikia lini?"

Nusura nicheke. Nikapiga polepole, nikiogopa kulibonyeza, mpaka likang'oka na vipande vya saruji. Jina la waliolitengeneza bado lilisomeka ubavuni. Shimo likabaki pale juu ya kaburi.

Mama akapiga magoti, akaweka kiganja shimoni.

"Papa wa watoto, usinikasirikie. Weye ulishafika. Siye tungali tunatafuta pa kulala."

Nikalibeba tanki begani. Lilikuwa jepesi mno, na mle ndani bado mlinuka petroli, harufu ya shati la Papa akirudi kazini. Ndipo nikalia, mutu muzima, njia nzima mpaka kwa mama mdogo, na Mama hakuniambia ninyamaze.