Kangaga Niliyoibandua Bila Kuitazama

Mwanangu, iko siku moja ya ujana wangu ambayo nikiikumbuka, moyo hunidunda hata leo, na uzee huu wote. Nilikuwa mwanafunzi hapa Bukavu, naandika mémoire, tasnifu ya kumaliza chuo, juu ya jamii ya kangaga ndogo za mkoa wetu, mimea isiyotoa maua, zile zenye jani jembamba hata mwanga hupenya. Usidharau wembamba wa reli, treni hupita juu yake. Nilikuwa nimezipata zote isipokuwa aina moja, na profesa alisema wazi kwamba bila hiyo hatatia sahihi.

Siku tatu nilizunguka korongo moja karibu na Nyangezi, shingo juu, macho matawini. Kila jani nililokata nililifunga kwa kuvumwani, ule ujani laini unaofunika magogo, ambao sisi huuita mousse, lisikauke njiani. Nilikuwa naubandua kwa viganja viwili, sijali. Papa Cirhuza, mkulima aliyenionyesha njia, alivumilia hadi siku ya tatu.

"Binti, ile unafungia majani, ulisha iangalia?"

"Ni mousse tu, papa."

"Inua moya ku mwangaza."

Nikainua. Nikaona mishipa imegawanyika kama vidole, na kuvumwani haina mishipa ya namna hiyo. Ilikuwa kangaga, ndogo kuliko ukucha wangu, na ndiyo ile ile niliyoitafuta. Nilicheka, nikalia, nikarukaruka kwenye matope kama mbuzi.

Kisha nikatafuta vikombe vidogo vya uzazi ukingoni mwa jani, maana bila hivyo huwezi kuitaja kwa uhakika. Mfuko wangu mzima wa nilichobandua haukuwa na hata kimoja. Gogo nililolipapura lilibaki tupu, isipokuwa kipande cha ukubwa wa kiganja, na hapo vikombe vilikuwepo. Mkono wangu ukaruka kukibandua. Papa Cirhuza akaushika.

"Chukua moya tu. Ingine uache. Haiko fasi ingine."

Kama haikuwa na mahali pengine, basi nilichukua jani moja, likatosha, na profesa akatia sahihi. Lakini niliona aibu, mwanangu, kwa sababu nusura nikimalize kwa mikono yangu kitu nilichokipenda.

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nami naongeza: akishainama, atazame. Usikiite kitu takataka kabla hujakiinua kwenye mwanga. Na ukikipata, chukua kinachokutosha. Mungu akujalie macho yenye subira na mkono mwepesi, ili wanao wakipita ulipopita wewe, wakute bado kuna cha kuonyeshwa.