Kaswida za Swaliki

Kikohozi kifupi: ndivyo Swaliki, dereva wa lori, alivyoanza kila kaswida aliyojirekodia kwenye simu yake. Mkewe Zulaika, fundi wa simu hapa Busia, ndiye aliyeondoa mfumo wa kampuni humo akaweka ule wa wazi, usiopeleka siri za mtu popote.

"Bila namba yako ya siri, hata mimi siwezi kuifungua," alijigamba.

Swaliki alicheka. "Basi umejinyima umbea, mke wangu!"

Siku ya arobaini ya kifo cha Swaliki, mama mkwe wa Zulaika alikuja na simu hiyo kutoka Tororo.

"Mwanangu, wewe si ndiye fundi? Nataka kusikia sauti yake tu."

Zulaika alijaribu kila namba aliyoijua. Mwishowe akaifuta vumbi kwa ncha ya mtandio.

"Niliifunga vizuri mno, mama," akanong'ona.