Chausiku na Kitanda cha Mwinjuma

Chausiku binti Marijani alikulia Temeke akilala chini, yeye, kaka yake Sadallah na dada yake Hamisa. Si kwa ufukara. Kitanda kilikuwamo, kuku wakitagia juu yake. Ilikuwa laana. Babu yao, akiwa mahututi, aliwasikia wanawe wakigombea kitanda chake naye bado yumo. Akawaapiza: yeyote wa uzao huu atakayelala kitandani hataamka. Kisha akafa, kitandani, jambo ambalo hakuna aliyelitia maanani.

Ushahidi walikuwa nao. Ami yao alijaribu, akafa. Chausiku alipouliza ami alikuwa na umri gani aliambiwa anyamaze; mzee alikuwa haoni, hasikii, na meno aliyazika zamani.

Vita vya Hitla vilipoanza, Chausiku akaposwa na Mwinjuma, seremala wa vitanda.

"Wanaume wote wa Dar es Salaam hukuwaona?" Hamisa akamuuliza.

"Niliwaona. Ndiyo maana nikamkubali huyu."

Siku ya pili ya fungate, ndugu walipokwenda kumjulia hali, wakasikia kishindo chumbani. Sadallah akaanza kusoma Innalillahi hata mlango hajaufikia. Walimkuta bibi harusi sakafuni, tendegu la kitanda limekatika, anacheka mpaka machozi.

"Laana hiyo," akasema Sadallah.

"Laana ipi, kaka? Mbao mbichi. Muulize shemeji yako."

"Nilifanya haraka," Mwinjuma akasema, akitazama dari. "Harusi ilikuwa imekaribia."

Kitanda kikatengenezwa. Lakini kwa majuma kadhaa Chausiku alikuwa kila akiamka hujipapasa kwanza, ahakikishe yu mzima. Hilo hakumwambia mtu.

Akazaa watoto wanne juu ya kitanda kile. Sadallah kiuno kilipomkaza, alikuja alasiri moja kuomba ajinyooshe "kidogo tu", akakoroma hadi magharibi. Kesho yake akaagiza chake.

Miaka mingi baadaye Sadallah alifariki kwa homa ya mapafu. Hamisa aliingia msibani akilia.

"Si niliwaambia?"

Chausiku alikuwa na jibu, akalimeza. Alimpenda sana kaka yake. Matangani watu wote hulala chini, basi dada wawili wakagawana jamvi kama zamani. Asubuhi Hamisa akalalamika mbele ya wafiwa kwamba mdogo wake bado anapiga mateke.

"Rudi kitandani kwako," akamwambia. "Bora ufe kuliko kunivunja mbavu."