Tulivyochagua parts za gaming PC ya bei ya chini, mimi na kaka yangu, Bungoma hadi Kitale

Wakuu habari zenu. Na madada wenye mko humu mkisoma kimya kimya kama mimi, hamjambo pia.

Kila mara naona mtu anauliza hapa, "Nina budget ndogo, nataka PC ya game, nianze na nini?" Nasoma majibu, nafunga simu. Leo nimeona niandike yangu. Ni kitu kilinitokea mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi, majina tu ndiyo nimebadilisha.

Niiteni Nafula. Nauza dawa za mifugo kwa agrovet hapa Kitale, nakaa Tuwan. Kwetu ni Sirisia.

Tulizaliwa wawili, mimi na kaka yangu Wekesa. Baba alikuwa karani wa ofisi Bungoma. Ofisi ilipotoa kompyuta za zamani, alirudi nyumbani na moja imefungwa kwa blanketi kama mgonjwa. Majirani walikuja kuiona. Mama akaishonea kitambaa cha uzi mweupe chenye maua, kama vile vya viti vya sitting room. Monitor ilikuwa na mgongo mkubwa mpaka meza ikasogezwa mbali na ukuta.

Ndani kulikuwa na game moja tu, ya magari. Gari zenyewe za pembe pembe kama box za kiberiti. Tulicheza wawili kwa keyboard moja. Wekesa anakata kona, mimi nakanyaga mafuta na breki.

Tukigonga ukuta, kila mtu anamlaumu mwenzake.

Baba alikuwa anakaa nyuma yetu na kikombe cha chai, anajifanya anasoma gazeti. Mara unasikia, "Nafula, punguza hapo, kuna kona." Kumbe gazeti halisomwi.

Ile harufu ya kompyuta ikipata joto, vumbi na plastiki, mpaka leo nikiipata mahali nasimama kidogo.

Baba alifariki tukiwa high school. Kompyuta nayo ikafa baadaye, Mama akaiweka store na kitambaa chake juu. Wekesa alisomea mambo ya kompyuta kidogo pale Bungoma, karo ikakatika, akaingia kwa malori. Halafu akaenda Gulf, nchi za Kiarabu, kuendesha malori huko.

Mwanzoni alikuwa anapiga simu kila wiki. Anaonyesha Mama jangwa kwa video, Mama anauliza, "Sasa hapo mnapanda nini?" Tunacheka.

Baadaye simu zikapungua. Halafu akarudi bila kuambia mtu. Mama alitoka shambani akamkuta ameketi kwa veranda na begi lake.

Tulifurahi. Lakini wiki zikaenda, miezi ikaenda, na Mama akaanza kunipigia simu.

"Ndugu yako anakula, anasema asante Mayi, anarudi kwa chumba. Hatoki. Kanisa haendi, sokoni haendi. Nikimuuliza anasema yuko sawa. Nafula, mimi ndiye nilizaa huyu mtoto. Hayuko sawa."

Nikaenda Sirisia. Nilimkuta amekonda, ndevu hazijanyolewa. Nikamuuliza uso kwa uso, vile sisi dada wadogo hatujui kuzunguka.

"Wekesa, ni nini ilifanyika huko?"

"Hakuna kitu, Nafu. Ni uchovu tu wa safari."

Safari ya miezi iliyopita.

Tukakaa tukipukuchua mahindi na Mama, hakuna mtu anaongea. Kunyamaza kukanilemea, ndiyo nikasema kitu cha kwanza kiliingia kwa kichwa. Ni ukweli nilikuwa nimeanza kutamani PC, nikiona watu humu wakipost mashine zao.

"Nataka kuunda kompyuta ya game," nikasema. "Kuna mtu Kitale ananiuzia graphics card, ile ya kuchora picha za game, kubwa, iko na feni tatu. Naanza na hiyo, zingine nitaongeza polepole."

Mama akaniangalia kama nimerukwa na akili. Wekesa akaendelea kupukuchua. Nikarudi Kitale.

Kesho yake asubuhi niko kazini, simu ikaingia message. Ilikuwa yake. Hakuwa ameniandikia tangu arudi.

"Usinunue hiyo card. Power supply gani itaibeba?"

Nilikalia gunia la dairy meal, chakula cha ng'ombe, nikaisoma tena. Wakuu, hata power supply, kile kisanduku cha kugawa umeme, sikuwa nayo.

Nikamjibu, "Sasa ninunue nini?"

Hapo ndipo mambo yalianza. Tulikuwa tunachat asubuhi na mchana, mteja anataka dawa ya kupe na mimi nasoma habari ya motherboard, ile bodi kuu ya kompyuta. Nitawaandikia vile alinielekeza, kwa sababu najua kuna wenye wamekuja kwa ajili ya hiyo.

Kwanza alisema parts mpya zote hatuwezi, tuache ndoto. Tutafute desktop ya ofisi, used, zile zinaletwa kutoka nje. Processor yake bado iko na nguvu na watu wa ofisi hawakuwa wanaisumbua.

Lakini iwe tower kubwa, si ile nyembamba. Ile nyembamba inakaa vizuri kwa picha, halafu siku ya kuweka card unakuta haiingii.

Pili, power supply ya desktop za ofisi ni ndogo, na nyingine plug zake ni za kampuni yake pekee, huwezi badilisha ovyo. Kwa hivyo tuchague card inayokula umeme kutoka kwa slot ya motherboard, isiyohitaji waya wa pembeni. Haitakuwa mfalme wa mtaa, lakini itacheza game zetu bila kuchoma nyumba.

Tatu, RAM, zile za kumbukumbu ya mashine, ziwe mbili zinazofanana, si moja kubwa. Mbili zinafanya kazi pamoja, mashine inapumua. (Ndiyo, mimi huandika RAM lakini nikiongea inatoka "lam". Watu wa Bungoma mnanielewa, wengine nyamazeni.)

Nne, SSD, ile disk mpya ya kasi, hata iwe ndogo. Hard disk ya zamani ibaki ya kuweka picha za harusi.

Nikamwambia, "Sawa, nitaenda Bungoma Jumamosi ninunue."

Akaandika: "Wewe watakuuzia takataka. Nitakuja."

Mama alinipigia simu siku hiyo akinong'ona. "Amenyoa ndevu. Mmeongea nini?"

Jumamosi tukakutana mjini Bungoma. Duka tuliloenda ni la Mzee Swaleh, karibu na msikiti, anauza kompyuta used tangu tukiwa wadogo. Alimkumbuka Baba. Alisema Baba alikuwa anakuja kumuuliza kama kuna game nyingine ya magari, "watoto wamemaliza hiyo." Mimi sikuwahi kujua hiyo. Nilimwangalia Wekesa, naye akawa anaangalia sakafu.

Tower tulipata haraka. Tukaanza kuangalia graphics cards, na jirani, fundi wa madirisha, akawasha mashine ya kukata chuma. Sauti ikapasua hewa, cheche zikaruka mpaka mlangoni.

Nikageuka, Wekesa hayuko.

Nilimpata nyuma ya duka amechuchumaa karibu na mfereji, shati imelowa jasho. Sijawahi kumuona kaka yangu hivyo. Nilitaka kumwambia twende nyumbani, tuachane na hii maneno yote.

"Nipe dakika," akasema. "Usiende."

Nikachuchumaa hapo na yeye.

Mzee Swaleh alikuja, akatuangalia. Akabeba monitor na tower mwenyewe akaziweka kwa meza ya chumba cha nyuma. "Kaa huku mwanangu, kuna utulivu. Jaribu mpaka uridhike."

Wekesa alijaribu. Card ya kwanza ilianza vizuri, halafu ilipopata joto screen ikajaa vidoti vya kijani. Mzee akaitoa bila ubishi, akaleta nyingine. Hiyo tukaiacha ikizunguka game mpaka tukamaliza chai na mahamri. Haikusumbua. Tukalipa.

Nilidhani atarudi Sirisia. Akabeba ile tower akasema, "Nani atakuunganishia?"

Tukaja naye Tuwan. Tulitandaza parts kwa meza yangu ya kulia chakula, jua la saa tisa likiingia dirishani. Tukaunganisha, tukawasha. Kimya. Halafu beep, beep, beep.

Nilimgeukia Wekesa. Yeye akafungua, akatoa RAM, akairudisha akaisukuma mpaka ikalia "ka!"

"Hujakanyaga mafuta vizuri," akaniambia.

Ikawaka. Na akacheka, wakuu. Kicheko cha zamani.

Tukaweka game ya magari ishuke kutoka mtandaoni. Na bundles zangu, mnajua ile mstari inavyotembea. Tulikuwa tumekaa bega kwa bega tukiangalia hiyo mstari, na hapo ndipo alianza kuongea bila mimi kumuuliza.

Alisema huko Gulf alikaa chumba kimoja na kijana wa Kiminini, Simiyu. Walikuwa wanaendesha malori wakifuatana. Siku moja gurudumu la Simiyu lilipasuka, lori likalala, likakokota lami likirusha cheche, halafu likashika moto. Wekesa alikuwa nyuma yake. Alisimamisha, akakimbia na extinguisher, joto likamrudisha. Akajaribu tena, likamrudisha.

"Niliona mahali amekaa, Nafu. Sikuweza kufika."

Mwili uliletwa nyumbani. Wekesa hakuruhusiwa kuja nao. Aliporudi nchini alipita Kiminini kwa barabara na hakushuka.

"Mama yake ako hapo. Nitamwambia nini?"

Game ilimaliza kushuka na hakuna mtu aliigusa.

Asubuhi ilikuwa Jumapili. Akaoga, akavaa, akasema, "Nisindikize Kiminini."

Mama Simiyu alikuwa anaanika maharagwe. Wekesa alijitambulisha, yule mama akaacha karai, akamshika mikono yote miwili. Tukaingia ndani. Wekesa akaanza kuomba msamaha, anasema alijaribu, alijaribu, na mama akamkatiza pole pole.

"Waliniambia ya moto. Hiyo najua. Hakuna mtu ameniambia ya kabla ya moto." Akamsogelea. "Siku hiyo, alikuwa amekula?"

"Ndiyo, Mama. Tulipika wali na maharagwe asubuhi. Alimaliza yake, akamaliza na yangu."

Mama yule alicheka huku machozi yanatoka. "Huyo ni Simiyu wangu," akasema. Akasimama kwenda kutupikia.

Tulikaa hapo mpaka jioni. Wekesa aliongea kuliko nimemsikia maisha yake yote.

Sasa hivi lori bado hajagusa, na kelele ya chuma bado inamsumbua. Lakini anasimamia shamba la Mama, kanisa ameanza kurudi, na Kiminini anapita mara kwa mara na anashuka.

Nilichojifunza: power supply kwanza, card baadaye, na uijaribu mpaka ipate joto kabla hujalipa. Na kama una mtu wako amenyamaza, huenda maswali ya uso kwa uso hayataki. Mpe kazi mfanye pamoja, ukae kando yake.

Wenye wamewahi kuunda mashine na ndugu, au kupitia kitu kama hiki, semeni hapa chini. Na wenye mnataka kunicheka juu ya ile card ya feni tatu, nafasi pia iko.