Kwenda na Rafiki, Kurudi na Gunia

Rafiki yangu aliponiomba nimpeleke Ukerewe kwa ndege, nilidhani anataka kuonja raha ya kupaa. Nilikuwa nimepata leseni karibuni, na kila aliyesikia habari hiyo alitaka kujua kama mawingu yana baridi. Yeye aliuliza jambo jingine kabisa.

"Ukitua Nansio, watu wanakuwa wameshajua kwamba unakuja?"

"Watajuaje? Hakuna wa kuwaambia."

"Basi nipeleke."

Ilikuwa mwaka uliofuata Uhuru. Mimi nilifundisha hesabu katika shule ya wasichana hapa Mwanza, naye alikuwa muuguzi. Urafiki wetu ulianzia bwenini. Baba yangu alikuwa fundi wa kushona viti vya magari, na kwa kuwa mabawa ya ndege ndogo za wakati ule yalivikwa kitambaa, Wazungu wa klabu ya urubani walimwita kila kilipochanika. Nilikua nikimshikia uzi chini ya mabawa hayo. Uhuru ulipokaribia, wanachama wengi walianza kufunga mizigo, na klabu ambayo haikuwahi kutukaribisha kwenye kiti ikajikuta inatafuta watu wa kulipa ada. Mwalimu mmoja aliyebaki akakubali kunifundisha. Majirani walimwambia baba kwamba ananiharibu. Aliwajibu kwamba bawa ninaloruka nalo amelishona yeye, kwa hiyo nikianguka wasinilaumu mimi.

Mama wa rafiki yangu alikuwa mjane, Mkristo wa kanisani kila Jumapili, na hakuwa na mtoto mwingine. Rafiki yangu aliolewa bomani na karani wa kiwanda cha pamba, Mwislamu wa mjini kama watu wa nyumbani kwetu, na mama alipata habari hizo kutoka kwa abiria wa meli. Tangu hapo kila kifurushi alichotumiwa, kiwe sukari au kitenge, kilirudi Mwanza na meli ileile, hata fundo halijaguswa. Safari moja binti alikwenda mwenyewe. Kabla meli haijafunga kamba gatini, habari zilikuwa zimekwishamtangulia, na alipofika nyumbani alikuta mlango umefungwa, mama amekwenda kwa ndugu upande wa pili wa kisiwa.

Sasa mumewe alikuwa amepandishwa cheo na kuhamishiwa Lindi, kushika nafasi ya mgeni aliyerudi kwao. Lindi ni mwisho wa nchi. Kama hangeuona uso wa mama yake kabla ya kuhama, hakujua angeuona lini.

Tuliondoka asubuhi. Ndege ilikuwa na viti viwili tu. Nyumba za Pasiansi zilipokuwa ndogo chini yetu na ziwa likafunguka mbele, nilitamani ashangae kidogo, maana ule ulikuwa ulimwengu wangu na nilikuwa sijapata mtu wa kumwonyesha.

"Tazama mitumbwi ile," nilipaza sauti.

"Naiona," alijibu, macho ameyafumba.

Nansio kulikuwa na kiwanja cha majani ambacho daktari wa serikali alikitumia mara chache. Nilikizunguka chini chini ili ng'ombe waondoke. Kwa kufanya hivyo niliita kisiwa kizima, kwa sababu siku zile ndege ikishuka watu waliacha majembe shambani wakakimbia kuiona. Tulipozima injini, umati ulikuwa umeshasimama pembeni ukihema na kucheka. Rafiki yangu alishuka kinyumenyume, kama anayeteremka ngazi, kisha akageuka.

Mama yake alikuwa mstari wa mbele. Alikuwa ametoka kutwanga, unga wa muhogo umemjaa mikononi, amekimbia kama wenzake. Tabasamu lake lilibaki usoni kwa muda baada ya kumtambua mtoto, maana lilikuwa la ndege na halikuwahi kuondolewa.

"Shikamoo, mama."

Watu wote walimgeukia mama. Mlango unaweza kufungwa. Salamu iliyotolewa mbele ya kijiji kizima haiachwi hivyohivyo.

"Marahaba," alisema, kwa sauti ambayo angemjibu nayo mkusanya kodi. Kisha akamtazama kuanzia miguuni. "Umekonda."

Nyumbani kwake waliongea Kikerewe, nami nilikaa barazani nikaepuka kusikiliza hata nisichokielewa. Mara sauti zilipanda, mara zilishuka. Nilipoona mama anatoka na kumwita jirani yake, mchuuzi wa samaki mwenye kofia ya kufuma, aje kumchinjia kuku ili nami niweze kula, nilishukuru moyoni. Hakuniuliza dini yangu. Alikuwa ameutazama mtandio wangu, akaamua la kufanya.

Jua lilikuwa kali tuliporudi kiwanjani, na upepo wa asubuhi ulikuwa umekufa. Nyuma yetu vijana wawili walibeba gunia la machungwa lenye mfuko wa mchele ndani, na mama mwenyewe alikuwa na jogoo aliyefungwa miguu.

"Machungwa na mchele ni vyenu," alimwambia binti yake, safari hii kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie. "Jogoo ni wa yule bwana. Nimempa akiwa hai, achinje mwenyewe."

Rafiki yangu alinikazia macho. Mwanamke huyu, aliyerudisha kila kifurushi, sasa alikuwa anatoa. Jina la mkwe hakulitaja, lakini alikuwa amemfikiria kwa makini kuliko watu wengi wanaotaja majina.

Nami nilikuwa nimekwishapiga hesabu. Majani yalikuwa marefu, hewa ya joto huifanya ndege ndogo iwe mvivu wa kupanda, na mwisho wa kiwanja ulikuwa shamba la mihogo, halafu maji. Sisi wawili tulikuwa tunatosha. Sisi wawili na gunia hatukuweza. Mwalimu wangu wa urubani alinifundisha kwamba rubani ni mtu anayejua kukataa. Mama yangu alinilea nikijua kwamba zawadi ya mtu mzima hupokelewa kwa mikono miwili. Sikuwahi kudhani malezi hayo mawili yangekutana uwanja mmoja.

"Mama, nisamehe. Ndege hii haiwezi kubeba gunia na sisi wote."

"Haiwezi?" Aliizunguka, akaigonga ubavuni. "Baiskeli ya katekista inabeba magunia mawili na mkewe juu. Hiki chombo chenye kelele zote zile kinashindwa na machungwa?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Niliona mkono uliomshika jogoo unaanza kurudi nyuma, taratibu, na nikajua kwamba ukirudi hautanyoshwa tena.

"Tutachukua jogoo peke yake, mama," nilisema.

"Hapana. Nimetoa vyote. Anayekataa kimoja amekataa vyote."

Ndipo rafiki yangu alipouvuta mkoba wake kutoka kwenye kiti.

"Mzigo uende," aliniambia. "Mimi nabaki."

Mama alimgeukia. "Unabaki ulale wapi?"

"Kitandani kwangu."

"Nimeanika mihogo kitandani kwako."

"Tutaiondoa."

Mama alinikabidhi jogoo, nikampokea kwa mikono miwili, kisha akaanza kuwafokea wale vijana kwamba wanaweka gunia vibaya, machungwa yatapondeka. Tulilikalisha kwenye kiti cha abiria tukalifunga mkanda. Nilipopaa juu ya mihogo, ndege ikiwa nyepesi kuliko nilivyohofia, niliwatafuta katika umati, nikawaona wameshaanza kutembea kuelekea nyumbani, mama mbele, binti nyuma, hakuna aliyeangalia juu.

Mwanza, mume wa rafiki yangu alikuwa amesimama kando ya kiwanja na baiskeli yake. Alitazama kiti cha pili, akatazama tena.

"Shemeji, mwenzako yuko wapi?"

"Amebaki kwa mama yake. Atarudi na meli."

"Wamemzuia?"

"Amebaki kwa hiari yake." Nikamtolea jogoo. "Huyu ni wako."

"Nani kaninunulia?"

"Hakununuliwa. Umepewa na mkweo."

Aliilaza baiskeli chini. "Alisemaje? Niambie maneno yake yenyewe, usiongeze."

"Alisema, 'Jogoo ni wa yule bwana. Nimempa akiwa hai, achinje mwenyewe.'"

Aliniomba niyarudie, nikayarudia. Kisha akampokea jogoo kwa mikono miwili, akiinama kidogo, ingawa mbele yake nilikuwa nimesimama mimi tu, niliyekuwa mdogo kwake. Gunia tulilifunga kwenye baiskeli. Nilimwambia apande, njia ni ndefu. Alikataa. Alisukuma kwa mkono mmoja hadi nyumbani, amemkumbatia jogoo kifuani, nami nikitembea kando yake, na kwa watu aliokutana nao njiani nilimsikia akisema, kabla hawajamwuliza, kwamba jogoo huyu ametoka kwa mama mkwe.